Kadi Kati ya Mlinganisho na Mruko

Jumanne ile Polikarpo alipofariki, mkewe Akwilina alikuwa kazini anatoboa kadi za wagonjwa wa kesho yake. Alitoboa mia moja na arobaini bila kukosea hata moja, na hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye: kwamba mkono wake haukusita, moyo haukumshtua, na chai ya saa nne aliinywa yote pamoja na andazi lake.

Polikarpo alikuwa amefika Kituo cha Pumzi saa moja asubuhi na mtungi mtupu wa hewa begani. Aliupata Ijumaa, lakini koki yake ilivuja, na Jumapili walipoamka walikuta mshale wa kupimia hewa umelala. Dirishani wakambana sikioni kipimo cha hewa iliyomo damuni, wakaandika namba, wakamwambia akae. Baada ya nusu saa karatasi ikatoka: ASUBIRI. Maana yake, pumzi uliyonayo inatosha, rudi wiki ijayo.

Mkewe alikuwa hatua ishirini tu kutoka hapo, nyuma ya ukuta. Polikarpo hakupita mlango wa nyuma kumwambia. Alikuwa mtu wa kuchukia kuonekana anapendelewa kwa ajili ya kazi ya mkewe. Akarudi nyumbani kwa miguu. Waliomwona walisema alipumzika mara tatu: kwenye benchi la fundi viatu, kwenye ukuta wa kanisa, na kwenye tangi la maji. Jirani yake, Yustina, aliyepita saa tano kuleta mboga, alimkuta ameketi kwenye kigoda nyuma ya mlango, ameegemea, macho yako wazi. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa shati, imekunjwa vizuri mara nne.

*

Mji wa Itenge uko ukingoni mwa uwanda wa juu, na chini yake palikuwa na ziwa. Ziwa lilipokauka liliacha vumbi jeupe, laini kuliko unga, na kila miezi ya upepo vumbi hilo hupanda na kuingia vifuani mwa watu. Liliingia na kwenye vifaa. Kompyuta ndogo za zamani zilikufa moja baada ya nyingine, na tangu mipaka ifungwe hakuna aliyeleta nyingine. Basi wazee wa chuo cha ufundi wakafungua vitabu vya babu zao, wakajenga mashine ya kujaza vyumba viwili. Kumbukumbu yake ilikuwa vipete vya chuma vidogo kama punje za mtama, vilivyofumwa kwa nyaya na wanawake wasuka mikeka. Watu waliiita Karani. Kazi ya Karani ilikuwa moja: kusema nani apewe mtungi leo na nani asubiri.

Siku ya tatu ya matanga, wanawake walikuwa wamekaa mikekani nyumbani kwa Akwilina wakichambua mchele, mara Mama Gaudensia akaingia.

"Shikeni mitungi yenu," Yustina akasema akiangalia mchele. "Mwenye duka amefika."

Wawili watatu wakacheka kwa pua. Mama Gaudensia alisikia. Hakuna ambaye hangesikia. Mwanawe Silvesta alikuwa amerudi Kituoni kabla ya wiki kwisha, mtungi mtupu, Karani akasema pumzi yake inatosha. Kamati ya mji inayosimamia Kituo ikaona jambo liko wazi: kama pumzi ilikuwa inatosha na mtungi umekwisha, basi hewa imeuzwa. Silvesta akafa siku ya pili yake. Nyumba ikafungiwa mitungi miezi sita.

Mama Gaudensia akapita katikati ya magoti ya watu, akaketi karibu na mfiwa.

"Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa, mama."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mumeo naye alirudi kabla ya wiki."

"Ndiyo, mama."

"Wakampa asubiri."

"Ndiyo."

"Mbona nyumba yako hawajaifungia?"

Akwilina akautazama mkeka. Jibu alilijua. Nyumba ya mtumishi wa Kituo haifungiwi. Kamati haikuwahi kuliandika hilo popote, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Sijaja kugombana kwenye msiba wa watu," Mama Gaudensia akasema. "Nauliza tu. Mjukuu wangu Ositha ana miaka tisa, kifua kinalia kama filimbi tangu juzi, na dirishani wananiambia nirudi baada ya miezi sita. Wewe unakaa na huyo Karani wenu. Siku ukiwa na nguvu, nisaidie kumuuliza."

*

Akwilina alirudi kazini Jumatatu. Jambo la kwanza alilolifanya halikuwa la kazi. Aliingia stoo ya kadi zilizokwisha kusomwa, akavuta sanduku la Jumanne iliyopita. Kila mgonjwa hutia sahihi nyuma ya kadi yake, na Polikarpo alikuwa na herufi ya P kubwa, yenye tumbo, iliyowalalia wenzake wote. Nyumbani hapakuwa na maandishi yake mengine. Hakuwa mtu wa kuandika. Akwilina alitaka sahihi hiyo, basi.

Akaipata. Akaitazama herufi ile mpaka ikaanza kucheza machoni. Halafu, kwa mazoea tu, kidole chake kikapita upande wa pili juu ya matundu. Miaka sita ya kazi ilimfundisha kusoma kwa ncha ya kidole. Tundu la aliyerudi kabla ya wiki, lipo. Kipimo: saba. Tisa.

Akarudia. Saba, tisa.

Anayepungua themanini na nane hupewa mtungi, awe mara ya kwanza awe amerudi. Ndiyo sheria iliyobandikwa dirishani, kila mtoto wa Itenge anaijua. Polikarpo alikuwa na sabini na tisa, na karatasi ilisema ASUBIRI.

Akaenda moja kwa moja kwenye droo ya programu.

Watu wa mtaani walidhani Karani hupima mambo, hufikiri, huwaza. Walioishi naye walijua vingine. Karani alitekeleza agizo moja, kisha linalofuata, kisha linalofuata, akiwa na namba tu ya mahali agizo lijalo lilipo. Uamuzi wake wote ulikaa katika maagizo mawili. La kwanza ni mlinganisho: chukua kipimo cha mgonjwa, kiweke kando ya themanini na nane. Mlinganisho hauamui kitu. Unaacha alama tu, inayoonekana kwenye vitaa vya mbele ya mashine: chini, sawa, au juu. La pili ni mruko: tazama alama; ikiwa ni chini, usiende kwenye agizo linalofuata, ruka mpaka namba elfu moja na mia nne. Huko ndiko kulikochapwa MTUNGI. Kama alama si ya chini, Karani aliendelea mbele kama kawaida, na mbele palikuwa na ASUBIRI. Mruko haukumwona mgonjwa. Haukuona hata kipimo chake. Uliona alama, na haukuwa na njia ya kujua nani ameiweka.

Waliorudi walikuwa na kipande chao cha programu, kadi thelathini na moja. Akwilina akazisoma moja moja. Ongeza mmoja kwenye hesabu ya waliorudi. Linganisha. Ruka kama chini. Zote ziko sawa. Kwa sabini na tisa, Karani angeruka. Akahisi kama anayepapasa ukuta akitafuta mlango.

Akazigonga kadi mezani zikae sawa, akazitazama kwa ubavu. Hapo ndipo alipoona.

Pale Kituoni walikuwa na desturi. Kila programu ikibadilishwa, kadi zilifungwa pamoja na mstari wa wino ukachorwa juu yake kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, ili zikianguka au zikichanganyika mtu aone mara moja. Mstari huu wa kijani aliuchora yeye mwenyewe, wiki mbili nyuma. Na mstari ulikuwa umekatika. Kidogo sana, upana wa unywele. Kadi mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi.

Akazirudisha zilivyokuwa. Mstari ukanyooka.

Linganisha. Ongeza. Ruka.

Kadi ya katikati ilikuwa na herufi za jina la Akwilina pembeni kwa penseli, A.K., kama desturi ilivyotaka kwa kila anayeingiza kadi. Kamati ndiyo iliyoitaka hesabu hiyo. Mwenyekiti Wangao alishuku kwamba wanaorudi wanauza hewa, akataka kujua ni wangapi, lakini wahesabiwe wale tu ambao kipimo chao kimelinganishwa, wenye kadi mbovu waachwe. Ndiyo maana Akwilina akaiweka kadi yake baada ya mlinganisho. Aliona hapo ndipo penyewe. Chuoni alijifunzia kwenye mashine ndogo ya mazoezi, na katika mashine ile kujumlisha hakugusi alama. Kwa Karani, kila jumla inaacha alama yake: sifuri ni sawa, zaidi ya sifuri ni juu. Na hesabu ya waliorudi, ukishaongeza mmoja, haiwezi kuwa sifuri.

Kwa hiyo kila aliyerudi, awe na sabini na tisa, awe na hamsini, mruko ulikuta alama ya juu. Ukaendelea mbele.

Alikuwa ameijaribu. Alikumbuka vizuri. Alikuwa na kadi moja tu ya majaribio ya mtu aliyerudi, yenye kipimo cha tisini na nne. Karani akajibu ASUBIRI. Jibu lilikuwa sahihi, akafurahi, akachora mstari.

*

Fundi Desderi alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine, anafuta swichi kwa pamba na spiriti. Alikuwa mmoja wa wale waliomjenga Karani, wa mwisho aliyebaki hai.

"Mzee Desderi, nani amegusa kadi za waliorudi?"

"Funga mlango kwanza. Vumbi."

Akafunga. Mzee akaendelea kufuta swichi ambayo ilikwisha ng'aa.

"Ni mimi," akasema. "Jumatano. Ninyi mlikuwa makaburini."

"Ulijuaje?"

"Nilimwona Polikarpo dirishani. Alikuwa ameshika ukuta. Mtu aliyeshika ukuta hawezi kuwa na tisini." Akaiweka pamba chini. "Ukitaka kuniuliza kwa nini sikumwita arudi, uliza. Nilisema, Karani amesema. Nilimwamini usiku mmoja tu, Akwilina. Usiku mmoja."

Akwilina akatafuta kiti, akakikosa, akaegemea kabati.

"Wangapi?"

"Saba. Kwa siku tisa."

"Na hesabu yangu ikawaonyesha kamati kwamba wezi wamenaswa."

"Walifurahi, ndiyo. Wangao alikuja mwenyewe kunishika mkono."

"Ukaamua nisijue."

"Niliamua umzike mumeo kama mjane. Nisingependa umzike kama..." Akaacha hapo. Akachukua pamba tena. "Nikaisogeza kadi. Kosa halipo. Basi."

"Basi? Mama Gaudensia anaitwa muuza pumzi mpaka na watoto wa shule. Ositha hapati mtungi."

"Nitasema nao taratibu. Mwezi mmoja hivi, mambo yakipoa, nyumba zile zitafunguliwa bila kelele."

"Kifua cha mtoto yule hakina mwezi, mzee."

Desderi akainuka kwa taabu, mkono kiunoni. "Kaa unisikilize. Ukienda kwenye kamati na kadi hiyo, watamzima Karani. Wangao anaitafuta sababu tangu siku tulipomwasha. Wewe ulikuwa msichana mdogo wakati wa orodha ya mkono, kabla ya Karani, huikumbuki. Mke wangu Filotea alikuwa wa nne. Wa nne! Mitungi ilikuwa kumi. Nilisimama pale nikaona anapitwa na huyu, anapitwa na yule. Asubuhi ile kila mtu alikuwa shemeji wa mtu. Karani hana shemeji."

"Karani ameua saba."

"Wewe na mimi tumeua saba," mzee akasema bila hasira. "Karani ameruka alikoambiwa aruke. Orodha ya mkono iliua zaidi ya hao kila mwezi, na hakuna kadi ya kuichomoa ukaona kosa liko wapi."

Alichosema mzee kilikuwa kweli, na Akwilina alijua. Aliichomoa kadi yenye herufi zake, akaichomoa ya mlinganisho na ya mruko, akazitia kwenye bahasha pamoja na ya Polikarpo.

"Mwanangu," Desderi akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Usiende."

"Unataka nimwambie nini yule mama? Kwamba mjukuu wake asubiri?"

*

Kamati ilikutana Alhamisi mchana, katika darasa la shule ya msingi, milango wazi kwa yeyote. Wangao alikaa mbele. Alikuwa mwalimu zamani, na alikuwa bado na tabia ya kugonga meza kwa chaki.

Akwilina alizipanga kadi tatu juu ya meza, akaeleza. Alieleza kama alivyofundishwa: alama inawekwa, alama inafutwa, mruko unatazama alama. Alizipanga vibaya, kisha akazipanga vizuri, watu wa mbele wakasimama ili waone. Halafu akasoma majina saba. Aliposoma la Silvesta hakuinua macho. La Polikarpo alilisoma la mwisho.

"Na kadi hii ya katikati," Wangao akauliza kwa upole, "iliwekwa na nani?"

"Na mimi. Herufi zangu hizi hapa."

Akaendelea haraka. "Naomba mambo mawili. Nyumba zilizofungiwa zifunguliwe leo, watu wale hawakuuza kitu. Na mimi mniondoe kazini. Lakini Karani msimzime. Kosa ni langu, na limeondolewa."

"Kamati iliagiza hesabu," Wangao akasema akiwatazama watu, si yeye. "Haikuagiza iwekwe wapi. Hilo lieleweke. Sasa unasema limeondolewa. Lini?"

Desderi akasimama nyuma. "Jumatano ya wiki iliyopita. Niliondoa mimi."

"Jumatano ya wiki iliyopita." Wangao akagonga meza taratibu. "Wiki nzima na siku moja. Leo ndiyo tunaambiwa. Na kesho keshokutwa kuna kadi nyingine imesogezwa, nani atajua? Sisi tutaona nini? Matundu?"

"Mzimeni!" mtu akapaza sauti.

"Zima hilo dubwana!"

"Jamani," Akwilina akasema, "kwa orodha ya mkono nani atawachunga..."

"Kaa chini wewe, dada!" Ilikuwa sauti ya Yustina, nyembamba, imejaa machozi. "Umeshahesabu vya kutosha."

Watu wakapiga kura kwa mikono. Akwilina aligeuka kuangalia. Mikono ilikuwa mingi mpaka nyuma kabisa, na katikati yake ulikuwepo wa Mama Gaudensia, umenyooka, kiganja wazi. Hakumlaumu. Katika pumzi hiyo hiyo kamati ilifungua nyumba sita zilizofungiwa, ikamwondoa Akwilina kazini, ikampa Desderi siku mbili kurudisha funguo.

Nje, Desderi alimpita bila kumtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

Mama Gaudensia ndiye aliyemsubiri getini. Akamwangalia muda mrefu.

"Ulijua mkono wako ndio," akasema, "ukaja ukasema mbele za watu."

"Ndiyo, mama."

"Silvesta alikuwa anajenga chumba cha pili. Kimefika kwenye linta." Akaikaza kanga. "Sijui nitakufanya nini wewe. Leo sijui. Lakini kesho siwezi kumwacha Ositha peke yake nikapange foleni, na mwenye miguu mizima ni wewe."

Akafungua ncha ya kanga, akatoa cheti cha mtoto, akamtilia mkononi.

*

Siku hizi vyumba viwili vya Karani vimefungwa kwa kufuli, na mashine imefunikwa maturubai. Orodha inaandikwa na watu wanne wa kamati kwenye daftari, kuanzia saa moja asubuhi, dirisha likiwa limefungwa. Kipimo cha sikioni bado kinatumika. Namba yake inaandikwa pembeni mwa jina, na baada ya hapo wanaamua wao.

Akwilina anafika saa kumi na moja na nusu. Wengi hawamsalimii. Fundi viatu humsalimia, na jana alimwachia sehemu ya benchi lake. Vumbi linaanza kupanda jua likitoka, na watu wanajifunga vitambaa puani, wanakaa.

Leo dirisha lilifunguliwa saa mbili na robo. Kipimo cha Ositha kwenye cheti ni themanini na moja. Jina lake ni la ishirini na tisa, na mitungi iliyojazwa ni ishirini na sita.